Kizibao Chekundu Chini ya Mnara wa Saa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti sakafuni, naokota vipande vya picha ya marehemu mama. Mdogo wangu alikuwa ameikata uso kwa mkasi, akaniachia gauni na mikono.

Na wewe uliyenifungua leo kwa mara ya kwanza, karibu, ila usitegemee kucheka sana. Mimi napiga picha uwanjani, chini ya mnara wa saa. Mjini wananiita Mama Picha. Sina mume, sina mtoto. Nina mdogo wangu mmoja tu, Kitinda, kitinda mimba wa mama, niliyemlea tangu hajaota meno. Mwaka jana akaingia kwenye dini ya Wafumba Macho.

Jina hilo si lao, tuliwapa sisi. Wao wanasema uso wa mtu ni mali ya Mungu, na kila picha ni wizi. Vioo hawaweki. Vitambulisho wamevikwangua. Wakipishana na wewe njiani wanatazama viatu vyako. Sasa niambie, kati ya dada wote duniani, Kitinda amepewa dada mpiga picha!

Basi. Siku mbili hazikupita tangu akate ile picha, akarudi. Asubuhi, nimeshika ufagio. Nilitamani nimpokee nao.

"Umesahau kitu?" nikamuuliza. "Bado kuna picha ya shangazi. Mkasi uko pale pale."

"Dada, sikuja kugombana."

"Sasa umekuja kufanya nini? Kunywa chai?"

Akakaa kitini, macho kwenye miguu yangu. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, shati linaning'inia. Hasira zikanipungua nusu. Nusu nyingine nikabaki nayo.

"Jumamosi usiende uwanjani," akasema.

"Nisiende? Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi, Kitinda. Unataka nile nini, hewa?"

"Usiende tu, dada. Nakuomba."

"Kuna nini?"

"Kuna kazi."

"Kazi gani? Wewe na kazi si mliachana zamani?"

Hakucheka. Zamani angecheka, angenijibu kwamba hata mimi kazi yangu ni kubonyeza kidole tu. Safari hii alivuta shati lake kufunika kiuno. Hapo ndipo nilipoona mpini.

Sikuuliza. Nilimzaba kofi, kisha nikalivuta lile shati juu. Kisu kirefu, mpini umefungwa kitambaa, kimenolewa mpaka kinang'aa.

"Cha nani hiki?"

"Nimepewa."

"Cha kumfanya nani?"

"Yule aliyetutoroka."

Nikakaa kitandani. Aliyewatoroka nilimjua. Ni Mwalimu, mzee aliyewafundisha Wafumba Macho miaka na miaka, mpaka mkewe alipofariki. Siku moja akaamka, akajaribu kuikumbuka sura ya mkewe, ikamkataa. Picha hana, maana mwenyewe ndiye aliyekataza picha. Akatoka kwenye ile dini mchana kweupe. Tangu hapo kila Jumamosi anakaa kwenye ngazi za mnara wa saa, katikati ya watu, na nguo zake za kawaida, anazungumza nao. Jambo la kwanza anawaambia: pigeni picha na watu wenu. Na anaanza yeye.

Mpigaji ni mimi.

"Kitinda, yule mzee unamjua wewe?"

"Nimjulie wapi? Nimejiunga yeye keshaondoka."

"Na picha zake?"

"Picha siangalii, dada. Unajua."

"Sasa utamchoma nani pale? Ngazi zile zinakaa watu kibao, wazee tele! Utabahatisha?"

"Nitaonyeshwa."

"Na nani?"

Akasita. Nikamwinulia mkono tena, akasema haraka.

"Kiongozi ameniambia kuna mtu anavaa kizibao chekundu. Kila Jumamosi, saa ya mnara ikigonga saa kumi, yule mwenye kizibao anampiga yule mzee picha ya kwanza. Nitazame tu kamera imeelekea wapi. Atakayeelekezewa kamera ndiye."

Jamani, nilicheka. Wallahi sijui kile kicheko kilitoka wapi. Nilicheka huku machozi yananitoka, Kitinda akadhani nimerukwa na akili.

Nikainuka, nikaenda nyuma ya mlango, nikashusha kwenye msumari kizibao changu. Kipya, manispaa ilinipa mwezi uliopita, baada ya kuwafukuza wapiga picha wote waliokuwa wakisumbua watu, nikabaki mimi na kibali changu. Kitinda hakuwahi kukiona. Hawaruhusiwi kukanyaga uwanjani, kwa sababu ya mabango yenye sura za watu.

"Ni hiki?"

Alikitazama.

"Wewe? Ni wewe, dada?"

"Ni mimi. Umetumwa uue kwa kidole cha dada yako."

"Kiongozi hajui! Angejua asinge..."

"Anajua! Anajua vizuri sana, we mjinga! Mji mzima unajua Mama Picha ni dada yako, yeye tu ndiye asijue? Amekuchagua kwa sababu hiyo hiyo. Ukishaua mtu niliyekuonyesha mimi, utarudi kwa nani? Utakuja kula kwangu tena?"

Kitinda aliziba uso kwa viganja akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia zamani, kwa mabega. Nikamsogelea, nikamkumbatia na kisu chake hicho hicho kiunoni. Nifanye nini? Ni wangu.

Alipotulia nikamwambia, "Nisikilize. Jumamosi sikanyagi uwanjani. Kizibao hakitakuwepo, kamera haitakuwepo. Hutaonyeshwa mtu. Utafanyaje?"

"Nimekula kiapo, dada. Nikirudi mikono mitupu..."

"Usirudi! Nani amekwambia urudi? Njoo hapa nyumbani."

Akafikiri. Kisha akasema taratibu, na maneno haya nayasikia mpaka leo nikiosha vyombo, nikikoga, nikifanya nini.

"Kisipokuwepo kizibao, nitaondoka. Naapa kwa kaburi la mama. Nitakuja kwako na sirudi tena kule."

"Na kikiwepo?"

"Kikiwepo, basi Mungu ndiye aliyetaka."

"Hakitakuwepo," nikamwambia.

Akaenda zake. Nilimwacha aende kwa sababu nilijua kizibao kiko mkononi mwangu, na hakuna wa kunipokonya. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Mjanja huyo akaanza kuwaza. Haya, Jumamosi hii imepita. Na ijayo? Kiongozi si atamtuma mwingine? Mwalimu si atakufa tu, na Kitinda si watamfuata wamkate ulimi kwa kuvunja kiapo? Nikavaa, nikaenda kwa Mwalimu.

Anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu. Ukutani amebandika picha mpaka pa kupumulia hakuna: watu baki, harusi za watu, watoto wa watu. Za mkewe hakuna hata moja. Nilimweleza yote, sikuficha hata jina la mdogo wangu.

Akanisikiliza, kisha akauliza, "Kijana anakula vizuri?"

"Mwalimu! Nakwambia anataka kukuua!"

"Nimesikia, mama. Kule wanashindishwa njaa sana kabla ya jambo kama hili. Mwili ukidhoofika kichwa kinatii. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nenda kituoni. Mimi kufa si tatizo, nimeshazeeka. Lakini yule kijana atahitaji mahali Kiongozi hawezi kumfikia, hata kama ni mahabusu."

Nikaona kweli. Nikaenda.

Mkubwa wa kituo alinipokea vizuri, akanivutia kiti mwenyewe. Mtu mnene, sauti ya upole, kucha safi. Nilimwambia nitasema kila kitu kwa sharti moja.

"Sema, mama."

"Mdogo wangu asiguswe."

"Mama, sisi si wachinjaji. Tutamshika taratibu, tutamweka ndani, akili zitamrudia. Ukitaka utamletea hata chakula."

Nikasema yote. Kisu, saa kumi, kizibao, kamera. Hata kiapo cha kaburi nilimwambia. Alikuwa akitikisa kichwa kama daktari anayesikiliza mgonjwa wake.

"Hicho kizibao kiko wapi?"

"Nimekificha nyumbani."

"Kilete. Ni kielelezo hicho, kitahitajika mahakamani. Na kwa usalama wako, kisikae kwako."

Ungekuwa wewe ungekataa? Mimi sikukataa. Nilikimbia nyumbani, nikakifua kwanza, nikiona aibu kupeleka kitu kichafu kituoni, nikakipiga pasi, nikampelekea kimekunjwa. Akakitia kwenye droo yake akafunga na ufunguo. Akanipa mkono.

"Jumamosi kaa nyumbani, mama. Pika, pumzika. Tuachie sisi."

Jumamosi nikapika. Nilipika vyote anavyovipenda Kitinda, sufuria nzima, maana nilijua jioni atakuja na njaa ya mwezi. Nikatandika godoro lake. Nikaimba hata kuimba.

Alasiri mlango ukagongwa. Nikaruka. Kumbe ni jirani yangu, Mama Mapacha, mkono huu pacha, mkono huu pacha, wamepakwa mafuta wanang'aa, na yeye amenuna.

"Mama Picha, hukufanya vizuri. Umeniahidi utatupiga picha leo, tumejikwatua, tunafika uwanjani umemwachia mtu kazi. Na mtu mwenyewe hajui kitu!"

"Mtu gani? Sijamwachia mtu."

"Yule mwanaume! Kamera ameishika kama ameshika bakuli la uji. Namwambia tupige, ananiambia ondoka hapa mama, ondoka na watoto. Anaringa nini, na kizibao chenyewe ni chako?"

"Kizibao changu?"

"Si kile kile chekundu? Namba yako mgongoni naijua. Tena kimepigwa pasi, leo kinapendeza."

Nikamuuliza, "Saa ngapi sasa?"

"Inakaribia kumi."

Sikuvaa viatu, wala mlango sikufunga. Nilimsikia Mama Mapacha ananiita nyuma, anauliza kama sufuria niliyoiacha motoni aitoe. Nilikimbia mimi, na umri huu na mwili huu, watu wananipisha barabarani wanadhani nimefiwa.

Uwanja ulikuwa na watu, lakini si watu wangu. Mimi watu wa uwanja ule nawajua. Kwenye mabenchi walikaa wanaume wanasoma magazeti, na hakuna anayefunua ukurasa. Kwenye ngazi za mnara alikaa mzee mmoja amevaa koti, mgongo umenyooka kama mlingoti. Huyo hakuwa Mwalimu. Huyo alikuwa askari, na koti lilimkaba kwa sababu alikuwa amevaa kitu kizito ndani yake. Mbele yake, kizibao changu kimevaliwa na mtu mwingine, na kamera.

Mkubwa wa kituo alikuwa amekaa kwa mng'arisha viatu. Viatu vyake vilikuwa vinameta tayari, na bado vinapigwa brashi. Nilimwendea.

"Uliniahidi!"

"Mama, kaa chini. Punguza sauti."

"Aliniapia ataondoka! Kisipokuwepo kizibao anaondoka! Ninyi ndio mnaomwita!"

"Tukimshika hana kitu mkononi, kesho hakimu atamwachia, na keshokutwa atarudi kumuua yule mzee. Lazima akitoe kisu. Watu waone, tumalizane na kikundi chote."

"Na akishakitoa?"

Alitupa jicho juu mara moja, haraka, kisha akalirudisha kwenye viatu vyake. Nikatazama alikotazama. Posta, ghorofa ya pili, dirisha moja wazi. Siku ya Jumamosi posta hufungwa.

Nilifungua mdomo nimtukane, na saa ikaanza kugonga.

Kitinda alitokea upande wa benki. Alikuja anatembea polepole, macho chini, mkono mmoja ndani ya shati. Aliinua macho kidogo tu, kufika usawa wa vifua vya watu. Alikuwa anatafuta rangi. Akaiona. Nilimwona anasimama, mabega yakamshuka kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Alikuwa ameomba kisiwepo. Namjua mdogo wangu, njia nzima alikuwa anaomba kisiwepo.

Kikawepo. Akaanza kutembea tena.

"Kitinda!"

Uwanja mzima uligeuka. Wenye magazeti waligeuka, njiwa waliruka. Yeye hakugeuka.

"Kitinda! Simama! Ni mimi!"

Wapi! Anatembea tu. Ndipo nikaona kitu cheupe sikioni mwake, na alipogeuka kidogo nikakiona na upande wa pili. Walimziba masikio kwa pamba. Waliogopa maneno ya Mwalimu yasije yakamwingia.

Mkubwa wa kituo alinidaka mkono. Nilimng'ata. Simung'unyi maneno, nilimng'ata mpaka nikasikia ladha ya damu, akaniachia.

Kumfikia Kitinda nisingeweza, yuko mbali na watu wamejaa katikati. Ngazi zilikuwa karibu yangu zaidi. Akili ikanijia moja tu. Kitinda hatazami uso, hasikii neno, anafuata kamera. Basi kamera inione mimi.

Nikapanda zile ngazi, nikamsukuma yule askari wa koti akaangukia ubavu, nikasimama mimi mahali pake. Kamera ikanielekea kifuani. Yule wa kizibao akawa ananifokea, "Ondoka! We mama, ondoka!" huku ameishika vile vile, hajui hata kuishusha.

Kitinda alifika chini ya ngazi. Macho yake yalifuata kamera ilikoelekea. Yakaona miguu mitupu ya mwanamke. Yakaona gauni, lina unga na mchuzi. Yakaganda pale, kwenye gauni, maana gauni lile analijua.

"Nitazame," nikamwambia. "Nitazame usoni, mdogo wangu. Nitazame!"

Sijui kama alisoma midomo au ni nini. Alipandisha macho, kidogo, kidogo, kama mtu anayeinua mzigo. Mwaka mzima hakuwa amenitazama. Akanitazama.

"Rudi!" nikamwambia. "Ni mtego! Wako posta, wako kila mahali! Lala chini! Lala chini, Kitinda!"

Aliona midomo yangu inacheza. Alikunja uso, hanisikii. Mkono wake ukatoka ndani ya shati, na ulitoka mtupu. Nasema mbele ya Mungu, na nimesema mbele ya wote walioniuliza baadaye, ulitoka mtupu. Kisu kilibaki kiunoni.

Akauinua ule mkono haraka kuelekea sikioni. Alitaka kutoa pamba anisikie.

Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Mkono! Mkono!"

Kitinda alikuwa amekwisha kuing'oa ile pamba, ameishika kwa vidole viwili. Alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

"Umesemaje, dada?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nimjibu. Mlio wa risasi ukatoka posta kabla sijasema kitu.